Kamba ya Kuni Mlimani Buyangu

Mjukuu wangu Ayuma,

Mulembe sana. Sisi hapa Kakamega tu wazima. Ng'ombe amezaa, na babu yako bado anabishana na redio.

Unaniuliza utawapelekaje mume wako na watoto kwenye vilima vya Ngong bila kumaliza mshahara. Chemsha viazi vitamu, mbebe na maji, basi. Sisi tulipanda mlima wa Buyangu hivyo hivyo, Uhuru ukiwa bado mpya. Baba alisema ni lazima tuione nchi yetu kutoka juu.

Mama alikuwa akiingia msitu unaouzunguka mlima ule tangu usichana wake, lakini kutafuta kuni tu. Hata siku hiyo alibeba kamba yake ya kuni. Kule juu sisi watoto tulikula tukipiga kelele. Mama hakula. Aliketi akaitazama miti iliyojaa chini yetu, kisha akasema polepole, "Kumbe msitu wenyewe uko hivi."

Tukishuka, aliinama akaokota tawi kavu. Alilishika kidogo, akalirudisha chini.

Karibu na nyumbani jirani yetu alimshangaa. "Mama, leo unatoka msituni na kamba tupu? Kuni ziko wapi?"

"Ziko msituni," Mama akajibu, akapita.

Kwa hiyo nendeni, Ayuma, lakini kikapu abebe mume wako. Na mkifika juu, usikimbilie kuwagawia watu chakula. Keti kwanza, utazame. Viazi havitakimbia.

Ni mimi, nyanya yako.