Mchoro Mmoja wa Majeneza

Mjukuu wangu Daudi,

Marahaba. Hapa Masieda mahindi yamekauka, na bibi yako bado anakohoa. Umeniuliza klasi na obyekti vinatofautianaje katika programu za kompyuta unazojifunza.

Ujanani nilikuwa seremala wa majeneza Haydom. Surua ilipoingia, tulitumia mchoro mmoja kwa watoto wote, sehemu ya urefu ikiachwa wazi. Asubuhi moja baba yangu akaja, akanipa kamba aliyoikata kwa urefu wa mtoto.

"Tengeneza la Maria," akasema.

Maria alikuwa mdogo wangu wa mwisho.

Nadhani klasi ni ule mchoro. Mchoro hauzikwi. Obyekti ni jeneza lenyewe, lenye urefu wake na jina lake. Nilitengeneza mengi, lakini hilo nililibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Babu yako anayekuombea