Breki Hazikukatika

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana nyumba yangu inaungua na mwenye kiberiti nalala naye kitanda kimoja. Mume wangu ana gari la otomatiki, na akisimama kwenye foleni au kwenye taa gia huiacha kwenye D, anakanyaga breki tu, walio nyuma wanamulikwa na zile taa nyekundu mpaka wanapiga honi, na nikimwambia baba watoto, tia P uvute handibreki, ananijibu, "Wewe panda gari, kuendesha niachie mimi." Basi mwezi uliopita tulikuwa tunarudi kutoka sokoni na mama mkwe, akashuka kutufungulia geti, akawa anahangaika na komeo lenye kutu, simu ya mume wangu ikaanguka miguuni, akainama kuiokota, mguu ukaachia breki na gari likajisogeza lenyewe, taratibu kabisa, na huo utaratibu ndio unaoniua mshauri, nikapiga kelele "Mama!" naye akageuka kututazama huku geti liko mgongoni mwake, na mume wangu kwa kupapatika akakanyaga mafuta.

Mama alifia hospitali. Hata hatujazika, mume wangu akawa ameshawaambia ndugu zake kwamba breki zilikatika, na fundi aliyezibadilisha wiki ile sasa yuko mahabusu, shemeji zangu wamevunja gereji yake, mkewe alikuja msibani na mimba yake kubwa akapiga magoti, wakamfukuza kama mbwa, nami nilikuwa palepale nimeinamisha kichwa. Mume wangu hali, halali, ananiambia, "Ukisema, umeniua na mimi. Watoto utawalea na nani?" Polisi wameniita nikaandike maelezo. Nampenda mume wangu, na marehemu alikuwa mama yangu pia. Nifanye nini?

Mke wa Dereva

Mke wa Dereva, pole. Pole kwa mama, na pole kwa ulichokiona. Sasa futa machozi tusemezane.

Swali lako ni chungu, lakini si gumu. Mumeo hakukusudia kumuua mama yake. Ile ni ajali iliyoletwa na kiburi. Lakini fundi hakuingia mahabusu kwa ajali. Hilo mumeo analifanya kila kukicha akiwa na akili zake timamu, na ukiandika uongo mtakuwa mnalifanya wawili. Ulipoinamisha kichwa mbele ya yule mjamzito, dada, ulijua. Usiniulize mimi unachokijua.

Mwambie leo, mbele ya mtu mzima mnayemheshimu: "Baba watoto, naenda kusema nilichokiona. Twende, uanze wewe." Akikataa, nenda peke yako. Watoto wapeleke kwenu kwanza, maana shemeji waliovunja gereji hawashindwi na mlango wako. Mtafutie mumeo wakili, mpelekee chakula, lia naye hayo machozi. Huko ndiko kumpenda. Kisha nenda kwa mke wa fundi, na akikufukuza, vumilia.

Nanyi mnaosoma huku mnatikisa vichwa: gari la otomatiki likiwa kwenye D halijasimama, limezuiwa na unyayo wako tu. Ukisimama kusubiri, tia P, vuta handibreki, ndipo utoe mguu. Wa nyuma atapona macho, wa mbele atapona uhai.

Dada, kuna mtu amelala sakafuni mahabusu akisubiri ulimi wako useme. Nenda.