Mawe Yasiyotiwa Namba

Kewaunee, Wisconsin
14 Oktoba

Kaka yangu mpendwa Vojtech,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Milwaukee, na kile kikohozi kimekwisha. Sisi hatujambo, ila Baba mgongo unamsumbua kwa kubeba mawe.

Wale watu uliowatuma kubomoa banda letu la mawe walifika Jumatatu na malori. Baba aliwapokea kama wageni wa arusi. Alinituma niwaletee kahawa na maandazi ya kolache yenye jamu, kisha akawaonyesha mawe ya pembeni mwa banda: hili la kina Kolar, hili la kina Stodola, kila ukoo ulileta lake kutoka shambani kwake wazee walipolijenga banda. Mzee Kolar, aliyekuja kutazama, akamtania Baba, "Frantisek, wamekulipa nini, kofia tu?" Baba akamjibu, "Nyamaza wewe! Banda lililojengwa na majirani haliuzwi. Linatolewa." Akaeleza kwamba wewe umeshapanga kila kitu, watu wa makumbusho watalisimamisha upya kwao jiwe kwa jiwe.

Unajua nilivyo mwoga wa kusema na watu. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba jengo likihamishwa, kila jiwe hutiwa namba kabla ya kung'olewa. Hawa walikuwa wakiyatupa tu lorini, la Kolar juu ya la Stodola. Mwishowe nilijikaza, nikamwuliza dereva namba zitaandikwa lini. Alicheka mpaka akashika mlango wa lori. "Namba za nini, mdogo wangu? Haya yanakwenda kupamba baa ya hoteli Chicago. Kwani kaka yako hajakwambia? Si ndiye aliyetuuzia!"

Nilikutetea, kaka. Nilimwambia amechanganya watu. Ndipo akanitajia kovu la kidevuni mwako, na jinsi ulivyowasihi wasitamke neno hoteli mbele ya mzee.

Sijamwambia Baba. Ninavyoandika hivi yuko jikoni anapiga pasi suti ya kanisani, kwa ajili ya siku banda litakapofunguliwa. Ameshawaalika majirani wote, na ameniagiza nikuulize tarehe.

Basi nakuuliza, kaka: ni tarehe gani? Panda basi Jumamosi uje umtajie mwenyewe. Mimi sitamdanganya kwa niaba yako.

Baba anakusalimu sana, na kina Kolar na kina Stodola pia wanakusalimu. Salamu zangu mimi sijui niziandikeje.

Mdogo wako,
Anezka