Corwin Tate Wawili

Jumapili, 9 Novemba 2025

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshasoma, neno lisikutoke. Kwa Samir dereva, kwa yeyote wa ofisini — hapana. Viza yangu iko mikononi mwa Bi Mahbuba, bosi wangu.

Leo umeingia ujumbe wa Corwin Tate, mwimbaji tunayemleta Alhamisi kwenye hoteli ya Qurum, hapa Oman. Tikiti zimekwisha. Anauliza kama watoto watakuwa wengi. Atakuja na glavu na magongo yake mwenyewe.

Magongo!

Nimetafuta mtandaoni. Wako wawili. Mmoja anaimba. Mwingine alikuwa bingwa wa besiboli huko Marekani, amestaafu, anafundisha watoto. Mwaliko niliuandika mimi: "jioni ya familia". Anwani niliichukua mimi, ile ya kwanza niliyoiona. Pasi yake niliipitisha nikiangalia jina tu.

Nimekunywa chai. Nimeosha kikombe. Sihisi kitu.

Jumatatu, 10 Novemba

Wakala wa mwimbaji, niliyemwandikia jana usiku, amejibu. Alhamisi mtu wake yuko Japani. Basi.

Bi Mahbuba alikuwa akiimba ofisini, nyimbo za Corwin Tate alizozipenda tangu usichana wake Unguja. Siku nilipomtajia jina mara ya kwanza aliniuliza, "Corwin Tate bin nani? Babu yake nani?" Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Kwao Waomani jina halijatimia bila baba, babu na kabila. Laiti ningelitafuta jibu, ningegundua wako wawili!

Leo kaniambia, "Jackie mwanangu, nnakuamini kuliko wanangu wa kuwazaa." Nikasema asante, Bi. Nilitaka kumwambia.

Jumanne, 11 Novemba

Sikusema.

Jumatano, 12 Novemba

Uwanja wa ndege, mimi na Samir. Katoka mtu mrefu, mwenye mvi, na begi refu zito. Samir akalinyanyua, akaguna. "Gitaa gani hili, dada? Wamelijaza mawe?"

Garini Corwin aliniuliza kwa upole. Barua za yule mwimbaji humfikia yeye miaka yote, amezoea. Kama tulimtaka mwingine, niseme tu. Atarudi na ndege ya jioni, hatakuwa na kinyongo.

Alinirahisishia kila kitu. Nikamwambia hapana, ni wewe tuliyekutaka.

Akafurahi! Alisema tangu astaafu hajawahi kuitwa mbali hivi. Mtaa wote wa Al Khuwair tuliupita akitabasamu dirishani.

Sasa yuko juu anaoga. Niko mapokezi ya hoteli. Bi Mahbuba kanipigia, yuko njiani na maua na mpiga udi. Anataka mgeni amwimbie ubeti mmoja tu, asikie sauti. "Usimwambie, bibie! Tumshtukize!"

Hofu yenyewe siioni iko wapi.

Wewe unayesoma, ukinihitaji baada ya leo, usipige simu ya ofisi. Nenda kanisani, mtaa wa Ghala, Ijumaa asubuhi, ndiyo siku ya ibada huku, umuulize Dorothy wa kwaya. Tunaishi chumba kimoja. Ataanza kukukatalia, ni mwoga kama mimi. Mwambie umesoma daftari —

Gari la Bi Mahbuba limesimama nje. Mpiga udi anashuka kwanza. Lifti imefunguka, Corwin ana glavu mbili, moja ndogo. Ananinyooshea mimi.

Namba yangu ya Oman usiitumie, huenda nimesharudishwa kwetu. Dorothy anayo ya Kenya. Tumia hiyo