Panya wa Utepe Mweupe

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na Bibi hajambo. Sisi huku ni wazima wa mwili, ila mimi moyoni sina amani. Nimeapa kukueleza yote, hata ya aibu, nawe tafadhali usiichane barua kabla hujafika mwisho.

Mizizi yako ilifika salama. Mama aliipeleka kazini kwake, kwenye nyumba ya panya wa majaribio, na Mtafiti, mkuu wake, akaichemsha mwenyewe. Unisamehe kutaja mambo ya watu wazima, lakini mlangoni pameandikwa hivyohivyo: dawa za asili za nguvu za kiume. Walitengwa madume wazee ishirini. Kumi, wenye chupa za utepe mwekundu, walinywa dawa yako. Kumi wa utepe mweupe walinywa maji matupu. Baadaye kila dume alipewa jike, wakahesabiwa majike walioshika mimba. Mimi likizo nzima nilimsaidia Mama kubadilisha maranda na kujaza chupa.

Fundi wa mizani, apimaye panya uzito, alinitania kila asubuhi kwamba mjukuu wa mganga amekuja kukagua wodi, akauliza kama wazee wameanza kuchana sharubu. Mama akamwambia asicheke sana, uzee haubishi hodi, naye ipo siku ataomba chupa.

Juzi majibu yakatoka. Utepe mwekundu, majike saba. Utepe mweupe, saba vilevile. Mtafiti alimwambia Mama kwa upole kwamba mzizi wa baba yake na maji ya bomba ni mamoja, na kwamba Ijumaa ijayo ataandika hivyo kwenye ripoti. Ikishafika kwa watoaji wa vibali, hutaruhusiwa tena kuuza dawa. Mama hakugusa chakula siku hiyo.

Babu, ni mimi. Dawa iliyobaki jioni ilipaswa kumwagwa. Nikakumbuka usemavyo, kwamba mgonjwa hanyimwi eti kwa kuwa mwenzake ametangulia kupewa. Nikawatazama wale wazee wa utepe mweupe walivyojikunyata, nikawagawia. Chupa ni nyeusi, hakuna aliyeona. Nilifanya hivyo wiki tatu, nikijiona mwema. Sasa huenda mzizi ulifanya kazi pande zote mbili, huenda haukufanya popote. Hakuna awezaye kujua, kwa sababu yangu.

Nikinyamaza, utaitwa mwongo. Nikisema, jaribio litarudiwa, lakini Mama ndiye aliyetia sahihi kila jioni kwamba dawa imemwagwa. Aliniamini, hakuja kutazama. Kwa sahihi kama hiyo watu hufukuzwa. Hata yeye sijamwambia bado.

Nisalimie Bibi, na majirani wote wanaoniulizia. Barua yako ikinifikia kabla ya Ijumaa, nitajua la kufanya. Kabla sijaiweka rehani kazi ya Mama, nijibu kwa ukweli uleule ulionifundisha: wewe mwenyewe, Babu, una hakika kwamba mzizi huo unaponya?

Mjukuu wako akupendaye