Isale Nililolifungia Kitabuni

Hamburg, Jumapili ya pili ya Novemba, mwaka wa arobaini na moja tangu niteremke Machame na sanduku la baba.

Mdogo wangu Elinami,

Ukiuona mwandiko huu utashtuka, maana ni miaka tisa sijakuandikia. Shikamoo yako naiitikia kabla hujaitoa, ingawa siistahili. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anaamka alfajiri kuwakatia ng'ombe majani, au watoto wamemkataza? Mimi ni mzima, isipokuwa figo. Hilo nitalifikia.

Ijumaa jioni marafiki walinitoa nyumbani kwenda kuona mchezo mpya wa jukwaani, wa nyimbo mwanzo hadi mwisho, uliotungwa na vijana waliozaliwa huku na wazazi wa kwetu. Tulikuwa watatu: mimi, Hamisi, yule mtoto wa fundi cherehani wa Majengo, na jirani yangu Helga, mjane wa Kijerumani. Hadithi ilihusu ndugu wawili wa mlimani waliogombana. Migomba ya kitambaa ilishonwa vizuri, ila ndizi zake zilitazama chini badala ya juu. Pombe ikaletwa kwenye kata.

"Mbege gani hii haina povu?" Hamisi akaninong'oneza.

"Wewe Muislamu, povu la mbege umelijulia wapi?"

"Mzee, nimekulia kwa Wachagga. Harufu peke yake ilitosha."

Nikacheka. Nakwambia hivyo ujue jinsi nilivyokuwa nimejisahau. Hapo hapo yule mdogo mtu akaingia na jani la isale lililofungwa fundo, akapiga goti, akamkabidhi kaka yake. Kaka akalitia kwenye mfuko wa koti, akaendelea kuimba.

Helga akauliza jani lile ni la nini. Hamisi akamweleza: "Kwao, ukiletewa hilo umeombwa msamaha. Hukatai, wala huliweki ukasema utafikiria. Sasa tazama, katia mfukoni! Mchagga gani huyo? Aliyemfundisha hajafika hata Rau, pale chini ya mlima." Akanigeukia. "Au nasema uongo, mzee?"

Nikageuza uso jukwaani. Waliimba saa nzima zaidi na sikusikia neno.

Isale lako lilinifikia, Elinami. Binti yako Ndeshi alipokuja kusoma alinikabidhi kwa mikono miwili, bado la kijani, fundo limekaza. Nililiweka ndani ya kamusi, nikajiambia nitajibu hasira ikipoa. Hasira ilipoa mwaka ule ule. Iliyobaki ilikuwa aibu. Wageni wakija niliwaonyesha lile jani, nikiwaeleza mila zetu kama mwalimu, na sikumwambia hata mmoja kwamba nililetewa mimi.

Na yote kwa ajili ya kahawa. Ulipong'oa mibuni ya baba ukapanda parachichi, nilikuandikia kwamba umemzika mara ya pili, na usiniite kaka tena. Mimi niliyasema hayo nikiwa sijachuma tunda la kahawa tangu ujana wangu. Wewe ndiye uliyeipulizia dawa, ukaipalilia, ukaipeleka kwenye chama cha ushirika kila msimu, mpaka ukaona haisomeshi mtoto. Sikukuuliza. Nilitaka shamba libaki kama nilivyoliacha, na wewe uwe mlinzi wake.

Jana nimelitoa kwenye kamusi. Limekuwa la kahawia, fundo halijalegea. Nimelipokea, ndugu yangu. Sasa anayepaswa kupiga goti ni mimi. Huku mmea huo huuzwa dukani kama pambo la sebuleni, kwenye chungu. Nimeununua, nimekata jani, nimelifunga mwenyewe; limo ndani ya bahasha hii. Likifika limenyauka, usihesabu dosari hiyo.

Ndeshi aliniambia umeniachia mahali pa kuzikwa kando ya kaburi la mama na hujapanda kitu. Figo zangu zimekwisha. Mashine ya hospitali husafisha damu yangu mara tatu kwa wiki, na daktari amenikataza safari ndefu. Lakini nisijifiche nyuma ya daktari. Nilikuwa na miaka ya afya, nikaitumia kununa.

Nisalimie shemeji, na dada yetu mkubwa aliyeolewa Rau, na yule mzee wa kanisa aliyetufundisha sote kusoma, kama yupo. Mwambie Ndeshi lile jani alilonibebea sasa limefika.

Pale kando ya mama, panda parachichi. Mimi sirudi.

Kaka yako,
Anaeli