Siachi Kulehemu

Jumatatu, 1 Agosti 2016
Ioteba, fundi wa sola aliyetumwa kutoka makao makuu Tarawa, kakagua taa za nyumba yangu. Ati nifumue kila kiungo nilicholehemu! Ati nitumie viunganishi vyake vya plastiki. Plastiki — kwenye upepo huu wa chumvi! Waya wa kusokota tu huota kutu ya kijani upesi. Wangu, miaka sasa, unang'aa. Nikamwambia huku kisiwani Tabiteuea hatujawahi kuwa na mfalme, asianze yeye.

Kanishtaki kwa wazee. Jumamosi ya tarehe ishirini watakaa kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji, waamue kama niendelee kufunga waya za kijiji. Wakikataa, kazi yangu imekwisha. Sifumui kitu.

Jumatano, 3 Agosti
Kaja nani? Nei Bwena — mama yake Ioteba! Taa zake zinapepesa tangu mwanawe azifunge. Kaniomba kwa bubuti, na ombi la bubuti halikataliwi. "Nifungie kama zako, binti yangu. Yule wangu mdomo mrefu, mkono mfupi."

Nikapasha chuma kwenye makaa ya vifuu. Nimelehemu kila kitu, hadi ncha zinazoingia chini ya skrubu za swichi. Taa tuli! Feni nayo. Nimecheka njia nzima.

Alhamisi, 18 Agosti
Ioteba kajua. Kafoka kisimani mbele ya watu. Viungo vya katikati ya waya anavivumilia, lakini lehemu chini ya skrubu, hapana: ni laini, inabonyea, skrubu inalegea, waya unashika moto. Nikamjibu, "Moto uko mdomoni mwako!" Watu hoi kwa kicheko.

Jumamosi, 20 Agosti
Naandika sakafuni kwa Nei Bwena. Wazee wameanza kukusanyika. Nilimpitia aje kunitetea. Nikagusa swichi ya feni — ya moto! Nimefungua. Plastiki imekuwa kahawia. Skrubu inazunguka kwa ukucha.

"Funika, wewe!" Nei Bwena kaning'akia. "Tukamshinde kwanza, utakaza baadaye."

Nina hasira. Na skrubu, na Ioteba, na mimi mwenyewe. Viungo vya katikati sigusi, hata ije Tarawa nzima! Lakini mama huyu analala chini ya waya huu. Kukaza tu hakutoshi, ncha zenye lehemu zitalegea tena. Nimezima betri, nimeshika koleo.

Ioteba yuko nje, anamwita mama yake. Mama ananikodolea macho. Nimekata ncha ya kwanza, imeanguka mkekani. Ioteba anavua ndala mlangoni —